Moteri Kubwa, Mlima Uleule: Kamioneti za Zamani Katika Njia ya Masisi na Walikale

Ukitoka Sake kwenda Masisi, mashariki mwa Kongo, barabara haikupi muda wa kujiandaa. Nyumba za mwisho zikiisha tu, mlima umeanza. Dereva anarudi gia ya pili, halafu ya kwanza. Nyuma kuna magunia ya chumvi na unga, bidoni za mafuta, na juu ya mzigo watu kumi au zaidi wameshikana mabega. Moshi unageuka mweusi. Konvayeri, yule ambaye Dar es Salaam angeitwa utingo, anaruka chini gari likiwa bado linakwenda na kutembea kando ya gurudumu la nyuma, jiwe mkononi, tayari kuliweka kigingi gari likishindwa. Nimeupanda mlima ule mara kadhaa, na karibu kila mara abiria mmoja aliuliza swali lilelile: hii ina moteri gani?

Moteri ndiyo injini kwa watu wa Kivu, ambao msamiati wao wa gereji umetoka kwenye Kifaransa: kamioneti ni pikapu, mazutu ni dizeli, esansi ni petroli. Na swali lile lina uzito, kwa kuwa sura ya gari haisemi kitu. Unaweza kupanda Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1970, bodi imetobolewa na kutu, milango inafungwa kwa waya, kumbe chini ya boneti kuna injini ya miaka ya 1990 iliyotoka Sharjah, kwenye masoko ya vipuri vilivyotumika, au soko la Kisekka mjini Kampala. Mlima utakuambia kabla ya dereva.

Sababu ya kwanza ya kubadilisha injini huko ni hewa. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi inapita mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10, na injini isiyo na tabo, inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Chukua injini ya 3B, dizeli ya silinda nne na lita 3.4 iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 90 hivi. Ikifika mita 2,000 imebakiwa na sabini na kidogo, tena kama ni mpya, nozeli zake safi, ringi zake nzima. Injini iliyozeeka haina hata hizo. Mzigo nao haupungui uzito kwa sababu umepanda mlima.

Zile za petroli, FJ45 zenye injini ya F ya lita 3.9 au 2F ya lita 4.2, nazo hupungukiwa na nguvu vivyo hivyo kwenye hewa nyepesi. Lakini shida yao kubwa ni kiu. Kwenye matope na gia za chini zinaweza kunywa lita 20 na zaidi kwa kila kilomita 100, na ndani ya Walikale kila lita imefika kwa pipa au bidoni, ikauzwa kando ya njia na wale wachuuzi ambao Kongo nzima inawaita Kadhafi. Ndiyo maana kubadilisha moteri katika njia hii mara nyingi ni mambo mawili kwa pamoja: kuongeza ukubwa, na kuhama kutoka esansi kwenda mazutu. Kuhama huku ndiko kunakoficha hatari ambayo nitaifikia baadaye, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Asidhani mtu kwamba kutia injini kubwa kwenye gari dogo ni uzushi wa mafundi wa Goma. Land Cruiser yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1951 Toyota ilichukua injini ya lori, aina ya B, petroli ya silinda sita na lita 3.4, ikaiweka kwenye gari dogo lenye umbo la jipu. Jipu la Marekani la wakati ule lilikuwa na injini ya lita 2.2. Gari likaitwa BJ, yaani injini ya B na J ya jipu. Julai mwaka huo dereva wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilikuja miaka mitatu baadaye, 1954.

Familia ya 40, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, ilirithi kifua hicho kipana. Chini ya boneti yake palipimwa kwa ajili ya injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Fundi akiitoa 3B ya silinda nne anakuta nafasi imebaki mbele, kati ya feni na rejeta. Nafasi hiyo ndiyo inayomshawishi. Hakuna haja ya kukata chesisi wala kupiga nyundo ukuta wa mbele ya dereva.

Katika injini zinazowaniwa, mbili zinasimama juu ya nyingine. Ya kwanza ni 2H, dizeli ya silinda sita na lita 4. Toyota yenyewe iliiweka kwenye kamioneti ya HJ47 tangu mwaka 1980, kwa hiyo anayeitia kwenye FJ45 anafuata njia ambayo kiwanda kilishapita. Ni nzito, haina haraka, na taimingi yake inaendeshwa kwa meno ya chuma, bila mkanda. Ya pili ni 1HZ, lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990, yenye nguvu za farasi takriban 130 na nguvu ya kuzungusha ya niutoni mita 285. Hii ndiyo injini ya magari ya mashirika ya misaada na ya Umoja wa Mataifa yaliyojaa Kivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Madereva na makanika wengi walijifunzia kazi humo, wakazijua sauti zake usiku na mchana. Pampu yake ya mafuta ni ya mitambo tupu, haina kompyuta. Ikikohoa, mtu mwenye spana na masikio mazuri anaweza kuitibu hata akiwa Kashebere.

Mimi ningechagua 2H kwa gari linalolala Walikale, na najua wengi watanibishia. 1HZ ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini inategemea mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Injini ya okazioni, yaani iliyokwishatumika, haiji na daftari la historia yake. Hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi jangwani Uarabuni kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Kama ni lazima iwe 1HZ, mkanda mpya uwekwe injini ikiwa bado inaning'inia nje ya gari, mahali ambapo mkono unafika kila upande. Ni kazi ya nusu siku. Mkanda huohuo ukikatikia katikati ya msitu wa Walikale, gari litakaa pale wiki nzima likitafuta silinda hedi.

Nilikaa siku moja katika gereji ya Goma nikiangalia kazi ya kubadilisha moteri. Gereji yenyewe ni kiwanja cha mawe meusi ya volkano, mabati ya kukinga mvua, na miti mitatu iliyofungwa vichwa pamoja ili kubeba cheni ya kunyanyulia. Injini ilikuwa hewani tangu asubuhi. Nilidhani kazi kubwa ni kuishusha, na nilikosea. Saa nyingi ziliishia kwenye belihauzingi, lile kombe la chuma linalounganisha injini na giaboksi. Giaboksi ya gia tano ya H55F ilifungwa na Toyota kwenye injini kadhaa tofauti, lakini kila injini ina kombe lake, na matundu ya bolti hayalingani. Anayenunua 1HZ bila belihauzingi yake amenunua nusu ya kitu.

Halafu ikaja klachi. Sahani yake lazima ikae katikati kabisa, ili shafti ya giaboksi iingie na kufikia beringi ndogo iliyo kwenye flaiwili. Fundi hakuwa na kifaa cha kiwandani. Alikuwa na mti wa mkaratusi aliouchonga mwenyewe: ncha nyembamba ya kuingia kwenye beringi, shingo nene ya kushika sahani, na juu yake alama za wino zinazoonyesha ni wa gari gani. Aliuingiza, akakaza bolti moja huku nyingine moja kule, kwa kupishana, akauchomoa ukatoka laini. Alinionyesha mingine minne ukutani. Nimewahi kuona gereji zenye mashine za mamilioni ambazo hazina uangalifu wa mti ule.

Umeme nao una mitego. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zinatumia volti 24, nyingine 12, na injini ya okazioni inaweza kuja na stata ya upande mwingine. Stata ya 12 ikipewa 24 inazunguka kwa nguvu ya ajabu siku chache, kisha inaungua. Hapo gari linaanza maisha ya kusukumwa, na katika mlima wa Masisi hakuna mahali pa kulisukumia isipokuwa kurudi nyuma.

Joto ni habari nyingine. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ule mfuniko wa kawaida wenye springi na mpira, unaobana shinikizo ndani. Mpira wake ukikauka, gari linaloenda vizuri pwani ya Mombasa litachemsha kabla ya kumaliza kona za Sake. Injini yenye lita 4.2 inatoa joto kuliko ile iliyotangulia, lakini nimeona mara nyingi ikiachiwa rejeta ileile ya zamani, yenye matundu yaliyozibwa kwa sabuni, na temostati imetolewa kwa imani kwamba maji yatapita haraka. Silinda hedi ya 1HZ haisamehe joto, hupata nyufa. Mwenye gari anasema injini ya Dubai ilikuwa mbovu. Injini ilikuwa nzima, ameiua kwa mfuniko.

Sasa nirudi kwenye ile hatari.

Breki za Land Cruiser husaidiwa na busta, ule mtungi mweusi ulio mbele ya dereva, unaotumia nguvu ya uvutaji hewa. Injini ya petroli hutoa uvutaji huo yenyewe kwenye manifodi yake. Dizeli kama 1HZ haitoi. Inahitaji pampu ndogo ya kuvuta hewa, ambayo kwenye dizeli nyingi za zamani za Toyota hukaa mgongoni mwa altaneta. Anayehama kutoka esansi kwenda mazutu akafunga altaneta ya kawaida isiyo na pampu hiyo, au akasahau mpira wake, amelipa gari nguvu ya kupanda na kulinyima nguvu ya kusimama. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye kiwanja cha gereji, gari likiwa tupu na mwendo wa miguu, hutajua.

Nilijua nikiwa juu ya magunia ya viazi na kabichi, tukishuka kutoka Masisi. Kamioneti ilikuwa imetoka gereji wiki ileile, na mwenye gari alikuwa akiisifu kwa jinsi ilivyopanda. Ilipanda kweli. Tulikwenda gia ya tatu pale ambapo wengine huenda ya pili, watu wakishangilia. Katika mteremko harufu ya breki ilianza, kama kitambaa kinachoungua, kisha nikaona dereva amesimama karibu wima kwenye pedali, mikono miwili kwenye usukani. Aliliingiza gari ubavuni mwa mlima, upande wa ndani, likakwaruza udongo hadi likasimama. Kabichi zilibingirika hadi bondeni. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alivunjika mkono, na wengine tulipata michubuko tu. Baadaye ilionekana kwamba mpira wa busta ulikuwa umeunganishwa na hewa tupu. Aliyeufunga alifuata mahali ulipokuwa kwenye injini ya zamani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari na mzigo vikiwa na uzito wa tani tatu, vikishuka mita 500, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kupasha zaidi ya lita 40 za maji ya kawaida hadi yachemke. Yote hiyo inaingia kwenye drami nne za chuma na mafuta kidogo ya breki, isipokuwa ile inayozuiwa na injini kwenye gia ya chini. Drami ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu. Mafuta ya breki yaliyozeeka yana maji ndani, nayo huchemka, na pedali inazama. Na tofauti ya mwinuko haiishii Sake. Upande wa pili, kutoka milima ya Masisi kupitia Nyabiondo hadi Walikale iliyo chini ya mita 1,000, mteremko ni mrefu zaidi.

Walikale inataka gari la tabia nyingine. Hii ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa desturi. Kutoka Goma ni kama kilomita 130 kwa mstari ulionyooka, lakini hakuna gari lililowahi kwenda kwa mstari ulionyooka. Wakati kasiteriti, madini ya bati, ya machimbo ya Bisie ilipokuwa ikichimbwa kwa mikono, wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 kwa miguu hadi Njingala, zaidi ya kilomita 40 msituni, na kutoka hapo magari yakayapeleka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara kuu na kuruka nayo hadi Goma. Barabara ilifaa kuwa uwanja wa ndege kuliko kufikisha mzigo mjini. Sijui ushahidi mwingine mkali zaidi wa hali ya njia zile.

Kwenye potopoto, yaani matope ya njia hizo, kasi haina kazi. Kinachotakiwa ni injini inayovuta polepole bila kuzimika, kwa mizunguko ya chini, gurudumu likizunguka kama mtu anayekanyaga unga. Hapa ukubwa una faida ya kweli, na ndipo silinda sita zinapozishinda nne. Lakini uzito wa injini kubwa unakaa mbele, na pua nzito huzama kwanza. Fundi anayejua njia ile huongeza jani moja au mawili kwenye springi za mbele, na hupandisha bomba la kuvuta hewa hadi usawa wa paa, maana dizeli ikinywa maji ya mto hukunja fimbo za pistoni papo hapo.

Kuna tena vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS lilichapisha hesabu yake ya Kivu zote mbili: vizuizi 798. Kila kizuizi ni kusimama, kulipa, na kuondoka tena, mara nyingi katikati ya mlima na mzigo kamili. Klachi ya zamani iliyoachwa nyuma ya injini mpya haidumu katika maisha hayo, na propela shafti iliyopimwa kwa nguvu za farasi 90 huanza kulia kwenye misalaba yake.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kuuliza kwa nini mtu asinunue gari jipya akaepuka yote haya. Mwaka 2025 peke yake, Masisi-kati na Goma zilitekwa na waasi wa M23 mwezi Januari, na Walikale-kati mwezi Machi, kabla wapiganaji hao hawajaondoka humo mwezi uliofuata. Gari jipya katika nchi ya namna hiyo linavutia kila mwenye bunduki. Kamioneti ya miaka 45 yenye kutu inaachwa ipite mara nyingi zaidi, na ikipita ndiyo inayoleta chumvi na dawa, ikirudi na mawese, maharage, viazi na mgonjwa anayewahi hospitali. Kulirudishia nguvu gari hilo ni kazi ya heshima, na mafundi wanaoifanya kwa mti wa mkaratusi na cheni wanastahili kusifiwa kwa majina, kama si kwamba majina huleta matatizo huko.

Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaoteremsha kabichi na makaa kutoka Masisi, huwa na kipande cha tairi nyuma. Kijana hukikanyaga kikagusa gurudumu, mzigo ukapungua mwendo. Aliyeubuni hakuwa na injini hata moja, lakini alifikiria kushuka.

Kwa hiyo, mwenye gari, ukifika kwa muuzaji na pesa za moteri mkononi, usizimalize zote hapo. Weka kando za pampu ya kuvuta hewa na mpira wake, za shuu mpya, mafuta ya breki ya kopo lililofungwa, rejeta ya injini unayoinunua na mfuniko wake. Ukishafunga, pakia magunia ya mchanga, siyo watu, ulipeleke gari lile katika mteremko wa Sake kwa gia ya pili na ujaribu kulisimamisha mara tatu mfululizo. Likisimama mara zote tatu, piga honi, watu wapande.